Mhehe Katika Kaburi la Mngoni

Siku yangu ya kwanza jeshini nilikula kofi kwa kutaja kabila langu. Sajini Meja wetu, Myao mmoja mwenye sauti ya kuamsha wafu, alituuliza mmoja mmoja, "Wewe nani?" Mie nikajibu bila wasiwasi, "Mnyamwezi wa Urambo, mzee." Paa! "Mnyamwezi umemwacha getini. Hapa wewe kuruta, na mimi si mzee, mimi afande!" Haya. Nikaingizwa ofisini huku shavu linawaka, na swali la kwanza la karani likawa, "Kabila?" Maana Waingereza walikuwa na imani yao: Wahehe na Wangoni wamezaliwa kupigana, sie Wanyamwezi tumezaliwa kubeba mizigo, na watu wa pwani hawafai kabisa. Kabila likikatazwa uwanjani, linaandikwa ofisini. Nilidhani nimeingia kwa wendawazimu.

Kambi yetu ilikuwa nje ya mji, ukishaipita Kinondoni, enzi hizo mihogo na minazi mitupu. Kazi yangu ikawa kwata, na baadaye nikawa mwalimu wake. Nyie mnaiona kwenye sherehe mnadhani ni kutembea kwa maringo. Kwata ni kuwashika watu wasiojuana, huyu Mmakonde, huyu Msukuma, ukawaimbia "mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka" mpaka mmoja akikosea wote wanaona aibu. Wengine walikuja hawajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Walikijua kwa miguu kwanza, mdomo ukafuata.

Vita vya pili vya dunia vikatupeleka Bama, ng'ambo ya bahari. Huko askari wa nchi nyingine hawakujua Mngoni ni nani wala Mnyamwezi ni nani. Kwao sote tulikuwa jina moja. "Tanganyika, leta maji! Tanganyika, beba majeruhi!" Mwanzoni tulicheka. Baadaye tukaanza kuitika, na nakwambieni kweli, nikiitwa hivyo moyo wangu ulikuwa unajaa.

Lakini lililotushika pamoja kuliko kwata ni utani, na hilo hakuna Mzungu aliyetufundisha. Mababu wa Kihehe na wa Kingoni waliuana sana, kisha wajukuu wakawa watani, wa kutukanana bila kukasirika na kuzikana wanapokufa. Kwenye kombania yangu kulikuwa na Koplo Kihwele, Mhehe, na askari mmoja akiitwa Gama, Mngoni wa Songea. Kila asubuhi ilikuwa vita. "We Mngoni, babu yako aliacha ngao kwetu, nenda kaichukue!" Na Gama, huku anafunga buti, "Iache huko huko, bibi yako anapepetea ulezi." Mkewe Gama, Mama Tekla, aliyeishi naye kambini kwetu, alikuwa akimpakulia Kihwele ugali huku anamwita mwizi wa ng'ombe. Walipendana watu wale.

Tuliporudi nami nikawa sajini, akaletwa Kapteni mpya, Mzungu kijana, shingo nyekundu, Kiswahili chake cha kitabuni. Siku moja akatutoa kwenda Mbweni na kurudi na mizigo yote mgongoni, jua la utosi. Gama aliamka na homa. Kihwele akapiga saluti, akasema, "Afande, huyu mgonjwa." Kapteni akajibu, "Askari hana ugonjwa njiani. Mbele tembea." Wakati wa kurudi Gama akaanguka kifudifudi. Kihwele akambeba mgongoni peke yake, hakutaka kupokewa, na alipomtua kambini mwenzake alikuwa keshakata roho.

Tukamzika kesho yake. Padri alipomaliza sala, kabla jeneza halijashushwa, Kihwele akanipa bunduki yake, akaruka ndani ya kaburi, akalala chali.

Ndiyo mila yenyewe. Mtani huingia kaburini akamtukana marehemu, na hatoki mpaka ndugu wa marehemu watoe kitu, chochote kile. Inafanywa ili wafiwa wacheke, maana kilio peke yake kinaua. Ukimtoa kwa nguvu, umemdhalilisha marehemu.

"Mngoni mwoga we!" akapiga kelele toka chini. "Ulikimbia mkuki wa Mhehe, leo umekimbia hata kwata! Basi kaburi hili zuri, nalala mie!" Mama Tekla akaangua kicheko, na machozi yanamwagika. Kombania nzima ikacheka na kulia.

Kapteni akawa mwekundu kama pilipili. "Sajini! Toa yeye!"

"Afande, ni utani," nikamwambia. "Ndugu wa marehemu wakitoa kitu, atatoka mwenyewe."

"Ndugu wako wapi?"

Hapo ndipo tulipokwama. Ndugu wa Gama wote walikuwa Songea, na kwa mila mjane hatoi. Kihwele kule chini alilijua hilo, akakunja mikono kifuani akangoja. Kapteni akashika bastola kiunoni, akaamuru gadi ya mazishi imvute. Gadi haikusogea. Wallahi, ilikuwa hatari, maana askari akikataa amri mbele ya ofisa, mwisho wake kamba ya shingo.

Basi Sajini Meja, Myao yule yule, akapiga hatua mbele, akang'oa beji ya kofia yake na kuitupa kaburini. "Mimi ndugu yake." Nikavua mkanda wangu. "Mie ndugu yake." Msukuma mmoja akakata kifungo kwa meno. Beji na vifungo vikamwangukia Kihwele kifuani kama mvua, na kila mtu anasema ndugu yangu, ndugu yangu, watu ambao toka kwao huyu hadi kwao yule ni mwezi mzima kwa miguu. Nililia kama mtoto, sioni haya kulisema.

Kihwele akatoka, akajikung'uta, akapiga saluti. "Mngoni, umenishinda kwa wingi wa ndugu." Tukamzika Gama.

Lakini Kapteni hakuona maziko. Aliona askari wanang'oa beji za Mfalme mbele yake. Akaandika: uasi. Sajini Meja akafukuzwa bila hata heshima ya kuagwa, mie nikavuliwa cheo, na Kihwele akapelekwa mahakama ya kijeshi kama kiongozi wetu. Nikaitwa kumtetea. Nikaeleza utani wote, tangu mikuki mpaka makaburi. Meja wa Kizungu aliyekaa kiti cha hukumu akanisikiliza kwa upole, kisha akauliza, "Kama ni mchezo wa makabila mawili, kwa nini wengine wote walijifanya ndugu?"

 Nilikuwa na jibu, kwamba pale kaburini sote tulikuwa watu wa nchi moja, ila kwake huo ndio uasi wenyewe, na ungemnyonga Kihwele. Nikalimeza. Maskini Kihwele akapewa kifungo cha kupasua mawe.

Leo nimestaafu, nakaa Temeke, magoti yanalia kuliko mie. Wajukuu wakija, "Shikamoo babu, hebu tusimulie nchi hii ilivyokuwa moja." Wanataka habari za mikutano na bendera. Bendera ilipopandishwa nilishangilia mpaka sauti ikakauka, lakini siwezi kuitazama bila kumkumbuka Kihwele. Aliugua tumbo la kuhara damu huko gerezani, akafa kabla hajamaliza kifungo.

Habari ilipofika, Mama Tekla alijifunga kanga, akasema, "Mtani wangu hazikwi kimya." Nikamsindikiza mpaka gerezani. Askari wa getini akatuambia wafungwa walikwishamfukia nyuma ya ukuta, na haruhusiwi mtu kuingia. Mama wa watu akasimama pale pale juani, akapaza sauti. "Mhehe we, mwizi wa ng'ombe! Umeiba mawe ya Serikali, sasa umejificha! Toka!" Akangoja. Askari wakatazama chini. Akaanza tena, sauti ikakatika katikati.

Akanigeukia. "Shemeji, si ulisema kwa Gama wewe ndugu? Leo mfiwa wa Kihwele ni wewe. Cheka basi, mwenzio azikwe."

Nilifungua mdomo, na kicheko hakikutoka.