Feni ya Bafuni Ilinyamaza, Mimi Nikaendelea Kusema

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Sikuwa nimelewa, sikupotoshwa na marafiki, hakuna aliyeniroga. Ni mdomo wangu mwenyewe, ukisaidiwa na feni ya bafuni. Mkitaka kucheka chekeni tu. Hata mimi siku hizi nacheka kidogo, ila mke wangu bado hajafika huko.

Mimi ni mfanyabiashara, nauza vitambaa vya mapazia Kariakoo. Tunakaa Mchafukoge, ghorofani, kwenye zile nyumba ambazo bafu limewekwa katikati na halina hata tundu la dirisha. Ukioga maji ya moto, mvuke unabaki humo humo. Taulo hazikauki, na pembe za dari zilishaanza kuota ukungu mweusi. Mke wangu, nitamwita Mama Neema, akasema tununue feni ya kuvuta hewa. Hapo alikuwa na haki kabisa.

Nikaenda kununua mwenyewe. Nilichagua kwa macho: kubwa, inang'aa, bei haiumizi. Muuzaji akaniuliza, "Bosi, nikuwashie uisikie?" Nikamwambia nina haraka, afunge tu.

Feni ya kuoneshwa kwenye kabati na feni ya kukaa nayo nyumbani ni vitu viwili tofauti. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Fundi niliyemchukua naye alikuwa na haraka kama mimi. Bomba la kutolea hewa alilipindisha kona hadi kona mpaka likafika ukuta wa nje, na skrubu akazikaza moja kwa moja kwenye dari bila kuweka mpira wowote wa kuzuia mtikisiko. Siku tulipoiwasha, binti yetu Neema alitoka mbio akaja sebuleni kuuliza nani kaleta mashine ya kusaga.

"Baba Neema, hii si feni, hii ni jenereta," mke wangu akasema.

"Itazoea," nikamjibu.

Feni haizoei. Vumbi la mjini likajaa kwenye mapanga, na kelele ikazidi. Mke wangu akawa ananiomba niifute, niite fundi, au niibadilishe. Nami kila mara nikawa namdanganya kwamba fundi amesema ndivyo zilivyo zote.

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu ile kelele ilikuwa imeanza kunifaa. Nyumba yetu ni ndogo, na ukikohoa chumbani, jikoni wanakupa pole. Ila nikijifungia bafuni na simu, nikawasha ile feni, naongea nitakavyo. Nilikuwa nampigia mdogo wangu aliyeko Moshi, naweka hedifoni masikio yote mawili ili nimsikie, halafu napaza sauti ili naye anisikie. Nikaona nimepata ofisi yangu binafsi.

Kisha akaja baba mkwe.

Mzee wetu anaishi Masasi, mwalimu mstaafu, mpole, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili karibu kabisa. Mke wangu alimleta Dar afanyiwe upasuaji, jicho moja kwanza, na la pili baada ya wiki chache. La kwanza likafanyika, likapona vizuri. Mzee akawa kama mtu aliyerudishiwa dunia. Anasoma maandishi kwenye paketi za chumvi. Anasimama barazani anatazama nguo za watu zilizoanikwa ng'ambo na kutaja rangi zake.

Matatizo yangu yalianza alipoomba kuja kukaa nami dukani. Mtu mzima, mkwe, ameomba. Ningekataaje? Nikampa kiti, akawa anakaa hapo anacheka na wateja.

Siku hiyo kuna mama alikuwa anataka mapazia ya ukumbi mzima. Akakishika kitambaa, akauliza, "Hiki hakipauki?"

"Hakipauki mama, hiki ni kigumu."

Mzee akasema kutoka kwenye kiti chake, kwa upole kabisa, "Kinapauka, mwanangu. Pazia la sebuleni kwa huyu mkwe wangu ni la kitambaa hiki hiki. Juzi nimeliona, upande wa jua limekuwa jeupe."

Yule mama alimshukuru mzee, akaniaga mimi, akaondoka. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Basi nikawa na la kusema kila siku. Kila nikirudi kutoka dukani naingia ofisini kwangu, feni inanguruma, namwaga yote kwa mdogo wangu. Mzee anasikiliza redio kwa sauti ya juu. Mzee amenihesabia vijiko vya sukari. Mdogo wangu anacheka, nami nikiona anacheka naongeza chumvi.

Kumbe ile kelele ilikuwa inamuumiza kichwa mzee tangu afanyiwe upasuaji. Hakusema kwangu, alisema kwa binti yake. Mama Neema akaona kunisubiri mimi ni kupoteza wakati. Jumamosi moja asubuhi, mimi nikiwa dukani, alikwenda kununua feni nyingine. Yeye hakuwa na haraka. Alimwambia muuzaji awashe moja baada ya nyingine, akawa anasogeza sikio, kisha anabandika kipande cha tishu kwenye wavu kuona kama kweli inavuta. Akaichukua iliyoishika tishu bila kupiga kelele. Akatafuta fundi mwingine, akasimama pale pale mpaka bomba likanyooshwa na mpira ukawekwa. Hakuniambia kitu. Alitaka nishangae nikirudi.

Nilirudi mchana nikiwa tayari naongea na simu, hedifoni masikioni. Sebuleni mzee alikuwa amekaa, nikamwinamia na kumpa shikamoo kwa midomo tu, naye akaitikia kwa kichwa. Mke wangu alikuwa anapakua kisamvu na wali. Alinitazama huku anatabasamu, nikadhani ni chakula. Nikapita moja kwa moja bafuni, nikafunga mlango, nikabonyeza swichi.

Sikusikia feni, ni kweli. Lakini kwa hedifoni zile nilikuwa sisikii chochote isipokuwa mdogo wangu.

Nikaanza. Kwa sauti ile ile ya kushindana na jenereta.

"Yule mzee haumwi, amekuja kula. Jicho limeshapona, sasa anaona mpaka yasiyomhusu. Hilo la pili analitunza tu apate sababu ya kukaa hapa mpaka Krismasi. Na mimi sikumwita. Binti yake ndiye aliyemleta, nikaona aibu kukataa. Si angekaa kwao Masasi akafie huko na redio yake?"

Mdogo wangu hakucheka. Akasema, "Kaka, mbona leo nakusikia vizuri hivyo?"

Nikatoa hedifoni. Juu ya kichwa changu kulikuwa na kitu kidogo cheupe, kinazunguka taratibu, na sauti yake ni kama mtu anayepumua usingizini. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Redio ilikuwa imezimwa.

Nilikaa mle ndani muda mrefu kuliko mtu yeyote anavyohitaji kukaa bafuni. Mwisho nikatoka. Mke wangu alikuwa amesimama na sahani mkononi, hajui aiweke wapi. Mzee alikuwa amekaa vile vile, mikono magotini.

"Feni nzuri, mkwe," akasema. "Haina kelele kabisa."

Akanawa mikono, akala kidogo kwa heshima ya binti yake, akasema anataka kujinyoosha. Jioni alikuwa ameshafunga begi lake. Mpwa wake anakaa Ilala, akaja kumchukua. Nilitaka kumbebea begi mpaka chini. Akanizuia kwa kiganja tu.

Mke wangu hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Aliongea nami mambo ya mtoto na ya gesi kuisha, basi. Siku moja nikamwambia, "Mama Neema, nitukane basi."

Akasema, "Nikutukane nini? Mimi nilimwambia baba yangu kwamba wewe ndiye uliyesema aje. Alikuwa anaogopa upasuaji, hataki kabisa. Nikamwambia, mkwe wako anakuita. Ndipo akakubali. Sasa nimeonekana mwongo mimi."



Nikaenda Ilala. Nilimkuta mzee amekaa uani, anachambua mchele kwa jicho lake moja zuri. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yakabaki machache.

"Baba, nimekukosea. Yale niliyosema yalikuwa ya uongo na ya ubaya. Naomba unisamehe."

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Kula si neno, kweli nilikuwa nakula. Kufa nako si neno, nitakufa tu. Ila nilikuja nikijua umeniita, mkwe. Nilikuwa nawaambia watu huko nyumbani."

Ningetukanwa mbele ya soko zima nisingeumia hivyo.

"Binti yako hakukudanganya kwa ubaya," nikasema. "Alikusemea ambacho mimi nilipaswa kusema. Sasa nasema mwenyewe. Twende ukafanyiwe jicho la pili. Nitakupeleka mimi."

Alikuwa ameshaamua kurudi Masasi na jicho moja. Ilibidi nirudi Ilala tena na tena. Mwisho alikubali, nadhani kwa kumhurumia binti yake. Siku ya upasuaji nilifunga duka, nikakaa naye kwenye benchi la hospitali kuanzia asubuhi. Kabla hajaitwa ndani aliniuliza, "Ile feni mnaisafisha?"

"Bado baba."

"Isafisheni. Ikijaa vumbi itaanza kelele, na binti yangu hapendi kelele."

Jicho likapona. Lakini kwangu hakurudi kukaa. Alimalizia dawa zake Ilala, akaja kula nasi mara moja tu kuaga, akapanda basi kwenda kwao. Akipiga simu, anapiga kwa mke wangu. Ananisalimia kupitia kwake, vizuri tu, kama unavyosalimia jirani. Kunisamehe amenisamehe. Lakini kile kicheko chake cha kwenye kiti cha dukani sijakisikia tena, na ndicho nilichokipoteza.

Siku hizi feni ni kazi yangu. Nazima swichi kuu kwanza, napanda juu ya stuli, natoa wavu na kuuosha kwa sabuni, mapanga nayafuta kwa brashi laini na kitambaa chenye unyevu kidogo. Nangoja wavu ukauke kabisa ndiyo narudisha. Juzi mke wangu alikuja akanishikia stuli. Aliishika mpaka nikamaliza.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kununua feni ya bafuni, usichukue iliyofungwa kwenye boksi. Iwashwe, uisikie, na msimamie fundi wako. Ikianza kunguruma, isafishe au uibadilishe, usiwe na sababu za siri kama zangu. Na kama una mkwe anayekukera, keti naye umwambie kwa adabu. Ukishindwa, basi vumilia ukijua ataondoka. Ukishindwa na hilo pia, ukaona lazima ujifungie na simu, walau toa hedifoni masikioni kwanza, usikilize kama nyumba inakusikia.