Ndugu yangu alikamatwa hapa Lurambi, Kakamega, akarudishwa Uganda kwa kukosa kuripoti probation

Wakuu, habari zenu. Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Nina ndugu yangu mdogo, Wycliffe. Alikuwa fundi wa welding kule Mbale, Uganda.

Siku moja walipigana na mwenzake kazini, akamvunja mkono. Korti ikamhurumia. Badala ya jela akapewa probation miaka miwili: aripoti kwa afisa na kutia sahihi kila mwezi, na asitoke eneo hilo bila ruhusa.

Miezi mitano baadaye, mama akapata stroke huku nyumbani. Nikampigia simu arudi.

Akaniambia, "Brathe, niko chini ya korti. Wacha niombe ruhusa kwanza."

Nikamjibu, "Uganda ni nchi ingine. Nani atakufuata Kakamega kwa sababu ya sahihi?"

Akarudi.

Ni yeye alimuuguza mama kuliko mimi. Alikuwa anamlisha obusuma, ugali wetu, ameulainisha na supu, polepole. Akafungua na ka-workshop ka kuunda mageti hapa Lurambi. Mwaka ukapita, mimi nikasahau kabisa. Yeye nadhani hakusahau, maana akionanga gari ya polisi anarudi ndani.

Sasa Jumanne moja, saa nne asubuhi, niko hapo workshop. Wakaingia askari wawili wamevaa kiraia. Wakamwita majina yake yote matatu.

Wakatoa warrant ya kumkamata. Imetoka korti ya Uganda, na hakimu wa huku Kenya ameiidhinisha kwa sahihi na muhuri.

Wakuu, niliisoma mara mbili. Kumbe nchi hizi jirani zina sheria ya kurudishiana watu! Mimi nilidhani hiyo ni ya magaidi na wezi wakubwa.

Wycliffe hakukimbia. Alizima mashine, akavua miwani, akaniambia, "Mama anageuzwa kitandani saa sita. Usisahau."

Korti ya huku Kenya ilimwambia ana haki ya kupinga kurudishwa. Akasema hapingi. "Nimechoka kuogopa," alisema. Akavushwa mpaka wa Malaba na pingu mkononi.

Nilimfuata. Na huko Mbale ndiko nilishtuka zaidi.

Afisa wake wa probation, mama mmoja mpole, aliniuliza, "Kwa nini hamkuniambia mama yenu ni mgonjwa? Ningemwombea ruhusa kortini. Hata kuhamisha usimamizi wake tungejaribu."

Yaani simu moja tu!

Nikamwambia ukweli, kwamba ni mimi nilimshawishi. Nikarudia hayo mbele ya hakimu. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema aliyepewa amri ni Wycliffe, si mimi. Akampa miezi sita ndani.

Nimeenda kumwona mara mbili. Hajanilaumu hata siku moja, anaulizanga tu kama mama anakula. Afadhali angenitukana.

Funzo langu: probation ni kifungo, ila tu umefungiwa nje. Ukivuka mpaka unavuka nacho. Kukiwa na shida nyumbani, mwambie afisa wako kabla hujapanda gari. Na sisi wenye midomo huku nyumbani, tusishauri mtu kitu tusichokijua.

Mama anajua Wycliffe yuko jela. Anasema ni kichwa chake ngumu kilimponza, na mimi humgeuza tu upande wa pili.

Mliowahi kupitia kitu kama hiki, semeni. Na mnishauri wakuu, bila kunionea huruma: mama nimwambie ni mimi?