Mama na Kipande cha Manyara Mahakama ya Rufani

Nimezoea kutembeza wageni, sijazoea kutembezwa. Kazi yangu ni kuwashusha watalii kreta kuona wanyama, kutokea Karatu, na mimi ndiye ninayewaambia watazame kulia, watazame kushoto. Basi siku nilipoingia na mama kwenye jengo la Mahakama ya Rufani kule Dodoma, tukiongozwa na dada mmoja mtumishi mwenye sauti ya upole, miguu yangu ilikataa kutulia. Mara nimetangulia, mara nimerudi, mara nachungulia dirishani. Mama aliniuliza kwa Kiiraqw kama nimekalia siafu.

Yeye ndiye aliyetaka kuja. Kesi yetu ya shamba dhidi ya baba mdogo, iliyoanzia baraza la ardhi la kwetu miaka mingi nyuma, ilikuwa imefika huko juu ikisubiri hukumu. Aliposikia kuna siku wananchi wanaruhusiwa kulitembelea jengo, alisema hawezi kuwaachia shamba lake watu ambao hata mlango wao hajauona. Tukapanda basi alfajiri, tukapita Babati na Kondoa, naye kapakata kikapu njia nzima. Getini askari alipomwomba akifungue, ndani mlikuwa na kipande cha shina la mti wa manyara, kinene kama mkono wangu, kimeviringishwa kwenye kanga kuukuu. Mama akaeleza kwamba kimetoka kwenye uzio wa mpakani, amewaletea majaji waone wenyewe ulivyo wa zamani. Askari aliogopa utomvu wake usije ukamwingia mtu machoni, akakiweka chini ya meza mpaka tutakapotoka.

Hapo ndipo jasho lilipoanza kunitoka. Uzio ule ndio kesi yenyewe. Baba mdogo anadai tuliupanda baada ya baba kufariki, tukamega shamba lake. Na shahidi aliyeapa barazani kwamba alimwona baba akiupanda ni mimi. Sikumwona. Mwaka ule nilikuwa shule ya bweni, mbali kule Digodigo, na kwa barabara zile nilirudi nyumbani Desemba tu, nikaukuta uzio umeshapandwa. Ndugu walikaa wakaamua nisimame mimi kwa kuwa ni mwanamume na Kiswahili changu kimenyooka. Nikajiambia, kwani kuna tofauti gani?

Ukumbini kulikuwa na baridi ya kiyoyozi. Dada yule alituonyesha viti vya majaji, meza za mawakili, benchi za wananchi. Wageni wenzetu walipiga picha. Mama alizungusha macho ukumbi mzima, kisha akauliza shahidi anasimama wapi.

"Mama, hapa hatusikilizi mashahidi," dada alimjibu. "Majaji wanasoma yale yaliyosemwa na kuandikwa kule chini."

"Na shambani wanakuja lini?"

Dada akasema hawaji, kila kitu kimo kwenye jalada. Mama akaenda kuketi benchi la nyuma kabisa. Mimi nilitamani kukimbia. Maneno yangu ya uongo yalikuwa ndani ya nyumba ile, yamepigwa chapa, yanasomwa na watu wazima wenye miwani. Wageni wengine walipotangulia kwenye korido, nikamwambia mama twende, tutachelewa. Hakuinuka.

"Mwaka ule ulikuwa Digodigo," alisema, na alisema kwa Kiswahili ingawa tulikuwa wawili tu. "Baba yako alichimba, mimi nikapanda. Nilikaa kimya kwa sababu mlisema Kiswahili changu ni kibovu."

Nikamwomba msamaha. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Akajifunga kanga vizuri tukawafuata wenzetu.

Mlangoni dada alitufungulia kitabu cha wageni, kina nafasi ya jina, mahali unapotoka na maoni. Nilijua fika kwamba hakuna jaji anayesoma kitabu cha wageni. Nikanyoosha mkono kuchukua kalamu nimwandikie mama, kama nilivyomwandikia kila kitu maisha yangu yote. Akaniwahi. Akainama, akaandika kwa zile herufi kubwa alizojifunza ukubwani kwenye madarasa ya ngumbaru, taratibu, foleni ikisubiri nyuma yetu: *Uzio nilipanda mimi na mume wangu. Sikuitwa.*