Timu ya hoki na mkataba wa uwanja

Nilikuwa nasonga ugali shemeji yangu alipoingia jikoni, simu mkononi. Anafagia uwanja wa barafu hapa Buffalo, na anaishi kwetu.

"Shemeji, timu ya hoki inauzwa! Tajiri wa Louisville anaitaka aihamishie kwao. Donc, ndiyo kusema niifuate huko ama nikose kazi."

Binti yangu akacheka. "Baba mdogo, soma mpaka chini. Timu imepanga huo uwanja, na miaka bado ni mingi. Anayenunua timu ananunua na mkataba. Tajiri mwingine, wa Columbus, aliposikia hivyo, alijitoa."

"Tajiri mzima anazuiwa na mkataba wa pango?" nikauliza.

"Ndiyo, mama. Hahami mpaka uishe."

Jambo hilo limenikaa kichwani wiki nzima. Nyumba hii tuliyopanga ilipouzwa, mkataba ulimzuia mwenye nyumba mpya kututoa. Kule unamzuia mpangaji kuondoka. Sisi tuliogopa kufukuzwa. Uwanja unaogopa kuachwa.

Siku ile shemeji alisoma tena, polepole, mpaka chini. Kisha akaenda kunawa mikono. Nikapakua ugali na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, nikahesabu watu mezani. Tulikuwa sita, hakuna aliyepungua.