Kwenda Ibra Kuuliza Neno la Mholanzi

Alhamisi asubuhi niliondoka Ruwi, hapa Oman, na gari la kazini, hasira zimenijaa. Jana yake, msimamizi wetu wa ujenzi wa barabara, Mholanzi, aliniita *kaffer*, tusi la kwao la kumdharau mtu mweusi. Nilipomkaripia akacheka. "Neno lenyewe ni lenu, kafiri," akasema. "Wazee wetu walilipata kwa Wareno, na Wareno walilisikia kwa Waarabu kwenye pwani yenu ya Afrika."

Nikamwambia nitakwenda kuuliza; nilitaka kumsuta kwa uwongo wake. Ami yangu wa Ibra, ndugu wa baba yangu Mwarabu, alifanya biashara Tabora miaka mingi, angejua. Na kwake ndiko alikokaa mama yangu, Mnyamwezi, tangu tuhamie Oman.

Bidbid nilijaza petroli. Kutoka hapo ni milima mitupu, na njia nzima nilikuwa nikigombana na yule Mholanzi peke yangu. Kafiri ni asiyeamini. Rangi imeingiaje hapo?

Ibra nilifika baada ya adhuhuri.

"Shikamoo, Ami."

"Marhaba, mwanangu. Tafadhal, karibu."

Zikaja tende na kahawa. Vikombe vya kahawa huku ni vichache, hupokezanwa: akimaliza huyu, humiminiwa yule. Mke wa ami alitumiminia, akamruka Mama aliyeketi nasi, kisha akamtilia kwenye kikombe cha bati kilichowekwa mbali, dirishani.

"Mbona Mama ana chake?" nikauliza.

"Ada tu," Ami akasema. "Watu wa bara tulikuwa tukiwaita makafiri. Wanawake wamezoea hivyo."

"Mama amesali sasa hivi, Ami, bega kwa bega na mkeo."

"Wallahi najua. Lakini asli ni asli."

Mholanzi hakusema uwongo. Nikamwambia Mama afungashe nguo zake. Ami akauliza watu watasemaje. Nikamjibu waseme wanavyotaka.

Wakati wa kurudi, tulipokwisha kuipita Bidbid, Mama alinigeukia. "Miaka yote nakinywea kile," akasema. "Leo ndiyo kwanza mtu kuuliza."

Jumamosi, kazini, Mholanzi alitaka kujua nimepata nini. Nikamwambia kweli, neno limetoka kwetu. Akatabasamu kama aliyeshinda kesi.

"Ndiyo maana mama yangu sasa anakaa kwangu," nikamwambia. "Ami nimeshamalizana naye. Umebaki wewe."