Mkono wa Kulia wa Zimwi

"Bibi Doreen, wewe ni staa ambaye hata kidevu chake hakijawahi kuonekana!" Huwa namtania hivyo jirani yangu. Kwenye filamu za zamani za vikaragosi zilizotengenezwa kwenye studio za hapa Elstree, Uingereza, yeye alikuwa mkono wa kulia wa zimwi. Mwenzake, Clive, alichezesha kichwa na mkono wa kushoto. Doreen alijibana kwapani mwa Clive, haoni kitu, anafuata pumzi zake tu: Clive akivuta pumzi, naye anainua mkono. Miaka kumi na tisa.

Clive alifariki. Juzi ukumbi wa sinema ulionyesha filamu yao, wakamwomba Doreen alichezeshe zimwi jukwaani na kijana anayeitwa Lewis, aliyeshika nafasi ya Clive. Akakubali, maana alitaka kujua kama bado anaweza.

Nilikaa mbele kabisa. Zimwi likatikisa kichwa, mkono wa kushoto ukapunga. Wa kulia ukalala tu. Watu wakacheka, wakidhani ni kichekesho.

"Bibi, umesinzia?" Lewis akanong'ona.

"Nasubiri uvute pumzi, mwanangu."

"Mbona navuta!"

Mkono haukuinuka.

"Kijana anapumua vizuri tu," Doreen aliniambia nje, akivaa koti. "Ila anapumua peke yake."

Nikamshikia koti aingize mkono wa kulia.