Punguza Kwanza, Ndipo Ubadilishe

Enzi zetu, wenzangu wa rika langu, sauti ilikuwa kitu cha kuchungwa kama ng'ombe. Kwetu Shinyanga mjini, upande wa reli, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Baba alikuwa na mashine tatu zilizounganishwa kwenye amplifaya moja: redio, kaseti na mashine ya santuri. Umeme wake ulitoka kwenye betri ya gari. Spika ilikuwa moja tu, na ilikaa ndani ya mtungi. Vijana, chekeni taratibu! Hamjui utamu wa besi inayotoka kwenye udongo. Mtungi ulikuwa wa Bibi, mama yake Baba, na kila siku alilalamika kwa Kisukuma kwamba chombo chake cha maji kimefundishwa kelele uzeeni.

Shida ni kwamba zile mashine hazikulingana sauti. Ukiacha kitufe pale pale, redio inafoka mpaka kuku wanatawanyika, kaseti inaongea kama mgonjwa, santuri inanong'ona. Fundi redio alimweleza Baba kwamba kila mashine inatoa nguvu yake, na amplifaya haina akili ya kuchagua, inakuza tu inacholetewa. Kikija kidogo, haya. Kikija kikubwa, shauri yenu. Basi Baba akachukua rangi ya kucha ya Mama, akachora alama tatu kuzunguka kitufe cha sauti: ya redio chini, ya kaseti katikati, ya santuri juu. Sheria yake tuliijua kuliko nyimbo za mchakamchaka: "Punguza kwanza, ndipo ubadilishe."

Mimi ndiye niliyekuwa nasahau. Nikitoka kucheza rede, vumbi mpaka kwenye kope, ninarukia swichi, natoka santuri naenda redio, na nyumba nzima inashtuka. Kaka yangu Masanja alikuwa ananidaka mkono hewani. "Minza! Punguza kwanza!" Alikuwa mtani sana huyo, na Bibi ndiye aliyemlea.

Kisha Kaka akaondoka kwenda Geita kuchimba dhahabu. Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine, hakuna barua wala salamu. Watu wakaanza kusema shimo limemfukia. Mama alilia. Bibi hakulia. Alikuwa akimwekea michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, kwenye kikapu juu ya kabati, na ukimgusia habari za msiba anakujibu, "Siziki mtu. Mpaka nisikie mwenyewe." Na masikio yake, jamani, yalikuwa yameshachoka.

Jumapili moja tumetoka kanisani, tukamkuta mchuuzi wa mitumba mlangoni na kaseti mkononi. Alisema amepewa na Masanja mwenyewe huko machimboni. Baba alishindwa hata kumkaribisha kiti. Alitia kaseti, na mimi akaniweka kwenye kitufe.

Ulikuwa ni mvumo tu. Kaka alikuwa ameongea mbali na mashine. "Ongeza," akasema Baba. Nikafika alama ya kaseti. "Ongeza, mwanangu." Nikapita alama ya santuri, nikazungusha mpaka mwisho. Bibi alikuwa amepiga magoti, kichwa karibu kiingie mtungini. Ndipo ikaja, akimwamkia Bibi kwa Kisukuma kama mama yake: "Mwadila, mayu. Ni mimi Masanja wako. Niko mzima. Uniwekee michembe."

"Ng'wana wane!" Yaani, mwanangu! Bibi akapiga sakafu kwa viganja, machozi na kicheko pamoja. Sijawahi kuona furaha ya namna ile, mpaka leo. Kwenye kaseti Kaka akamshukuru mwenye mashine ya kurekodia, halafu kimya. Nikajua kaseti imekwisha. Kwa raha niliyokuwa nayo nikataka kumtafutia Bibi ngoma redioni, nikabonyeza swichi.

Lahaula! Mtungi ulinguruma, Bibi akaanguka kitako, karatasi ya spika ikachanika. Nilijikunja nikisubiri viboko. Baba alikimbilia kumwinua mama yake, naye Bibi akasema, "Mwacheni mtoto. Leo hata radi naisikia."

Baba aliziba spika kwa karatasi ya daftari na gundi. Tangu siku hiyo ilikuwa inaunguruma kama nyuki, na ikawa marufuku kupita alama ya kaseti. Sauti ya Kaka ikabaki ndogo, Bibi anaisikiliza kwa kulaza shavu kwenye mtungi. Na kila tulipofika pale penye kimya, mkono wangu ulizima wenyewe kwa aibu.

Mwaka uliofuata Kaka alirudi, amekonda, dhahabu hana, akakaa kwenye michembe yake. Alipoona kiraka cha spika na kuambiwa kisa, alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwani Minza hukunisikia mwishoni?" Nilidhani anasema zile salamu za Bibi. Nikajibu, "Nilikusikia, tena vizuri sana." Akacheka zaidi. "Mkaidi wewe."

Bibi na Baba wametangulia. Kaka tulimzika mwaka juzi. Sasa mwanangu ana sinema yake sebuleni, spika tano, na bado anashika rimoti kama rungu la mlinzi: watu wakinong'ona anaongeza, bunduki ikilia anapunguza. Nikimuuliza mmeendelea nini, ananuna. Mwezi uliopita akasema ipo sehemu ya kusawazisha sauti zote. Akaihamisha kaseti ya Kaka humo, tukakaa kusikiliza.

Sauti ilijaa chumba. Mwadila, mayu. Michembe. Asante kwa mwenye mashine. Kimya. Mkono wangu ukaenda kwenye rimoti. "Subiri, Mama," akasema mwanangu, "haijaisha."

Nikasikia hatua za mtu anayeondoka, mlango, kisha kwa mbali, akicheka, mtu wa miaka ishirini na miwili: "Minza! Najua mkono uko kwenye swichi! Punguza kwanza!"

Enzi zetu tulikuwa na spika moja na kiraka, na sauti ya mtu tuliifuata kwa magoti. Leo inaletwa mpaka kwenye kochi, safi, imesawazishwa, na mwenyewe hayupo wa kucheka naye. Nilirudisha rimoti mezani, nikasema kwa sauti, mwanangu akinitazama, "Nimepunguza, kaka."